Kilo Moja na Nusu Kifuani

Kwa sheria za Marekani, mgeni aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi kushika silaha ya moto, hata ya kuazimwa, hata ya kazini. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1998, na imeacha upenyo mdogo: ukiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, unaruhusiwa. Ndiyo maana mwaka 2007 mimi mtoto wa Rufiji, ambaye sijawahi kuwinda hata kanga, nilisimama katika duka la vifaa vya uvuvi mjini Kodiak, Alaska, nikakata leseni ya kuwinda wanyama ili nipate kubeba bastola ya kujikinga na wanyama. Muuzaji aliniuliza nataka kuwinda nini. Nikamjibu kwamba naomba Mungu nisiwinde chochote. Akacheka, akapokea hela yake, akanipa karatasi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya samaki. Nilikuwa nasomea uvuvi, na mradi niliopangiwa ulihesabu samoni wanaopanda kutoka baharini kwenda kutaga kwenye mto mmoja kusini mwa kisiwa cha Kodiak. Mto unazibwa kwa wando wa mabomba ya chuma kutoka ukingo hadi ukingo, unaachwa mlango mmoja, na mtu anakaa juu yake na kidude mkononi. Samaki akipita, anabonyeza. Mtu wa delta ya Rufiji hafundishwi wando. Tofauti ni kwamba kwetu wando ni wa kumkamata samaki, na kule ni wa kumhesabu kisha kumwacha aende zake, jambo ambalo nilipomweleza mjomba wangu kwa simu alidhani mtandao unakatakata.

Samoni wakirundikana mbele ya wando, dubu wanakuja. Visiwa vya Kodiak vina dubu wa kahawia wapatao 3,500, na dume mkubwa hufikia kilo 680. Msimu wa samoni hawana shida na mtu, tumbo limejaa. Lakini njia unayopita wewe kwenda mtoni ndiyo wanayopita wao, tena wao ndio walioichonga, katikati ya vichaka vya alda na majani yaliyokupita kimo, ambamo huoni hatua tano mbele. Kinachoogopwa kule ni kukutana naye ghafla, yeye na watoto wake, upepo ukiwa unavuma kutoka kwake kuja kwako.

Mkuu wa kambi alikuwa mtu wa makamo aliyeishi visiwani humo tangu ujana. Wenzetu huitana kwa majina matupu, mkubwa na mdogo. Ulimi wangu ulikataa, nikamwita Mzee, akazoea, na kambi nzima ikafuata. Yeye ndiye aliyenikabidhi rivolva yake, Ruger ya .44 Magnum ya chuma kisichoshika kutu, yenye risasi 6 na uzito wa karibu kilo moja na nusu. Bunduki ndefu tulikuwa nayo pia, shotigani ya kambi, ila mtu aliyevaa mabuti ya mpira mpaka mapajani, nyundo mkono huu, bomba mkono ule, maji yanamsukuma, ataishika na nini? Ataiegemeza kwenye jiwe, na dubu akitokea atakuta jiwe ndilo lenye silaha. Bastola inakaa kwenye ala kifuani, juu ya koti, usiku na mchana.

Ndani ya ndege iliyotupeleka nilijifunza jambo la kwanza kuhusu kinga. Ni ndege ndogo zinazotua majini. Rubani aliangalia bastola kifuani kwangu bila kusema neno, kisha akanyoosha mkono kuomba kopo langu la dawa ya pilipili, ile inayopulizwa usoni mwa dubu. Akalifungia ndani ya maboya ya ndege, nje. Likipasuka humu, alieleza, mimi siwezi kuona na nyote mnakufa. Bastola ilisafiri nasi kama abiria.

Mazoezi tulifanya ufukweni, kabla samoni hawajaanza. Mzee alisimika ubao wenye ukubwa wa kichwa cha dubu, akapima hatua, akanipa hesabu: dubu hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo akitokea mita 30 kutoka ulipo una kama sekunde mbili. Katika sekunde hizo utambue ni dubu, utambue kwamba anakuja kweli wala hakutishi, ufungue ala kwa mkono uliovaa glavu iliyolowa, ulenge kitu kinachoruka juu na chini. Risasi ya kwanza niliyopiga ilinirushia mkono juu ya paji la uso na ikaenda baharini. Masikio yalinivuma mpaka jioni. Mzee hakunicheka, alinipa risasi nyingine. Alichokuwa mkali nacho ni mambo madogo: bastola haitoki mkono huu kwenda mwingine bila silinda kufunguliwa na wote wawili kuona; kidole hakigusi triga mpaka umeamua; haiingii kwenye begi la kulalia. Hatari kubwa kuliko zote kambini, alikuwa akisema, ni hiyo uliyoivaa. Nilimwamini, kwa sababu watu wanne waliochoka, wanaoishi kwenye mahema yenye unyevu huku kila mmoja ana chuma chenye risasi, hawahitaji dubu ili waumizane.

Niseme na mazoea niliyotoka nayo. Kwetu bunduki nilizijua mikononi mwa askari, walinzi wa benki na majambazi. Raia wa kawaida akiwa nayo basi ni gobore, bomba lililochomelewa na fundi, la kutishia nyani. Jirani yetu mmoja alikuwa nalo, na lilishamla kidole. Bastola sikuwahi kuiona karibu. Wiki za mwanzo nilitembea nimeinamia upande mmoja, na kila nilipoinama kurekebisha mabomba niliihisi ikinigonga mbavu, nikashtuka kwamba ni mimi, mwanafunzi wa samaki, niliyevaa kitu kile.

Lakini kuogopa mnyama nilikuwa nimefundwa tangu utotoni. Mwenye kulima Rufiji anajua dungu, kile kibanda cha juu cha miti shambani, ambamo watu hulala miezi ya mavuno kulinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe pori. Nguruwe wanafuata mahindi, na simba anawafuata nguruwe. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja katika vijiji vyetu aliua watu wasiopungua 35. Watu walimpa jina Osama. Nilikuwa Dar es Salaam nasoma, na kila nilipopiga simu nyumbani niliambiwa ni kijiji gani sasa. Askari wa wanyamapori walimpata Aprili 2004, akakutwa ana gego bovu lililooza. Hakuwa peke yake nchini: watafiti waliokusanya takwimu za Tanzania walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba kuanzia 1990 hadi 2004, wengi wao mikoa ya kusini, wengi wakiwa mashambani. Mjomba wangu alilala dunguni miaka yote hiyo. Silaha zake zilikuwa panga, kibatari na debe tupu la kupiga.

Sasa linganisha. Katika visiwa vya Kodiak, kwa miongo mingi, mtu mmoja tu ndiye aliyeuawa na dubu, mwindaji wa paa, mwaka 1999. Mtu mmoja, na kila mvuvi, kila mwindaji, kila mpiga picha anayeshuka kwenye ndege ana mzinga kifuani. Sikuwalaumu, nami nilikuwa mmoja wao. Ila usiku nikisikiliza mvua juu ya hema nilikuwa nawaza kule dunguni, nawaza kama ile hela ya bastola moja isingetosha kumtoa mtu mmoja kwenye kibanda cha miti.

Kilichotulinda kweli kambini kilikuwa waya. Tulizungushia mahema na stoo ya chakula nyaya nyembamba kwenye vigingi vya plastiki, zinazopata umeme kutoka kwenye betri. Dubu hutangulia kunusa, na pua yake yenye unyevu ikigusa waya hapati haja ya kugusa tena. Niliwahi kumwona dume mmoja, saa ile ya usiku wa Alaska ambao si usiku, akigusa, akaruka nyuma, akakaa kitako akiutazama ule waya kwa muda, kisha akaondoka kwa kuzunguka mbali. Mabaki ya samaki tulitupa katikati ya mkondo. Sabuni, dawa ya meno, kila chenye harufu kilikaa ndani ya mapipa yanayofungwa. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa yoyote, na hakuna anayeisimulia akirudi mjini.

Na sauti. Wenzetu njiani walikuwa wakiita kwa Kiingereza, "Haya dubu, tunapita," kwa aibu kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu. Mimi nilichukua kopo tupu la mafuta ya jiko nikalining'iniza kiunoni, nikawa nalipiga kwa kijiti tunapoingia kwenye vichaka. Mzee alicheka siku ya kwanza. Siku za mbele akawa anauliza, "Debe liko wapi?" kabla hatujatoka.

Hata hivyo siku ilifika. Upepo ulikuwa mkali, mto unapiga kelele, na debe halikusikika. Tulikata kona, na palepale, karibu kiasi cha kuona mate yake, alisimama jike mwenye watoto wawili. Akainuka kwa miguu ya nyuma, akatutazama, akashuka. Akaanza kupuliza hewa kwa nguvu na kugonganisha meno. Mkono wangu ulishafika kwenye ala, sikumbuki nikiuamuru. Mzee nyuma yangu, na shotigani, alisema kwa sauti ya chini, "Usikimbie. Zungumza naye." Kiingereza chote kilinitoka. Nikajikuta nasema, "Shikamoo, bibi. Tunapita tu. Tunarudi nyuma, bibi, usihofu, wanao hatuwagusi." Nikawa narudi hatua moja moja, naendelea kumbembeleza kwa lugha ambayo kisiwa hicho pengine hakijapata kuisikia. Akatutishia mara moja, akaruka mbele na kusimama. Kisha akageuka, watoto wakamfuata, majani yakafunga.

Bastola ilikuwa imetoka nusu kwenye ala. Nimelifikiria sana jambo hilo. Bila uzito ule kifuani nadhani ningekimbia, na anayekimbia hufukuzwa. Kwa upande mwingine, ningekuwa peke yangu, bila Mzee nyuma, pale aliporuka mbele ningepiga. Ningemkosa, au ningemjeruhi mama mwenye watoto, au ningemuua. Katika yote matatu sioni lililo bora kuliko lile lililotokea. Jioni Mzee aliniuliza bibi ni nini. Nikamweleza. Akasema umri wa yule jike ulistahili.

Alaska ina sheria ambayo naipenda kuliko zote za bunduki nilizozisikia. Ukimuua dubu kwa kutetea maisha au mali yako, huruhusiwi kujinufaisha naye. Lazima umchune wewe, ngozi nzima na makucha yake, utoe na fuvu, uvikabidhi serikalini, na ujaze taarifa ndani ya siku 15. Na kama ni wewe uliyemchokoza, au uliyeacha takataka zikamwita, utetezi huo haukusaidii. Niliiona sheria hiyo ikifanya kazi. Watu wa kambi moja ya mapumziko chini ya mto waliacha samaki usiku kucha kwenye boti. Dubu mdogo, wa miaka mitatu hivi, akaja, akarudi kesho yake, na mara ya tatu akakutana na mtu mwenye bastola. Tulisikia milio mitano. Walituita kwa redio kwa sababu hakuna kati yao aliyejua kuchuna.

Mpigaji alikuwa kijana wa umri wangu. Mikono ilimtetemeka mpaka kisu kikamshinda, lakini Mzee alikataa kukipokea. "Mimi nitakuonyesha wapi pa kukata, utakata wewe." Kazi ya saa nyingi, mvua inanyesha, nzi, mafuta yaliyoteleza mpaka viwikoni. Makucha ndiyo magumu. Unafungua kiganja kifundo kwa kifundo, na kiganja cha dubu kikishavuliwa ngozi kina vidole ambavyo hutaki kuvitazama sana. Risasi mbili kati ya tano ndizo zilizompata, moja tumboni. Yule kijana hakuongea. Tulipomaliza aliuliza ngozi itaenda wapi, nikamweleza kwamba serikali huzipiga mnada Anchorage kila mwaka, kwenye tamasha la mwisho wa baridi, atakayenunua atatundika ukutani. Akasema, "Basi kuna mtu atasema amemuua yeye." Nyama ilibaki. Mbweha walikuwa tayari wanasubiri.

Mjini sikuibeba bastola hata mara moja. Jimbo lile tangu 2003 halidai kibali cha kubeba silaha iliyofichwa, na Mzee aliingia mgahawani na yake kifuani, akaagiza kahawa, hakuna aliyegeuza shingo. Mimi, mtu mweusi, mgeni, lafudhi ya Pwani, sikutaka kujua kama shingo zingegeuka. Tukishuka kwenye ndege nilimkabidhi, silinda wazi, naye akaitia kwenye begi bila kuuliza. Nadhani alielewa. Hatukuwahi kulizungumza, na kwa watu waliozungumza kila kitu kingine, hilo lilikuwa na maana yake.

Februari 2010 sheria mpya ilianza kutumika: watu wakaruhusiwa kuingia na bunduki katika hifadhi za taifa za Marekani kwa kufuata sheria za jimbo husika. Kambini hapakuwa na mada nyingine. Mei mwaka huohuo, katika Hifadhi ya Denali, mwanamume na mwanamke waliokuwa wakitembea porini walimwona dubu akitoka kichakani na kumwendea yule mwanamke. Mwanamume alifyatua risasi kama tisa za bastola ya .45. Dubu alirudi vichakani akafa. Nusu ya watu wa Kodiak walisema, "Mmeona? Bastola imewaokoa." Nusu ya pili walisema, "Mmeona? Miezi mitatu tu, na dubu ameshakufa." Watafiti nao walikuwa na hesabu zao. Mwaka 2008 walionyesha kwamba kati ya watu waliokutana na dubu kwa karibu wakiwa na dawa ya pilipili, asilimia 98 hawakudhurika. Mwaka 2012, baada ya kupitia visa 269 vya bunduki Alaska, walikuta bastola zilifaulu katika asilimia 84 ya visa, bunduki ndefu asilimia 76, lakini pia wakakuta kwamba waliofyatua na waliokuwa na silaha wasiifyatue waliumia kwa kiwango kilekile. Kila upande ulichukua namba yake ukaondoka nayo. Mimi namba hiyo ya mwisho ndiyo niliyoielewa, kwa sababu nilishaiona kwa macho pale kwenye kona.

Nilirudi nyumbani mwaka 2011. Bastola ilibaki kwa mwenyewe. Leseni ya uwindaji ninayo bado, imefifia wino.

Nilipokwenda Rufiji, vijana walitaka habari za bastola: inalia vipi, inaua nini, bei gani. Mjomba alikaa kando anasokota kamba, hakuuliza. Walipotawanyika akaniambia nimsimulie tena ule waya. Nikamsimulia vigingi, betri, dubu aliyekaa kitako.

"Nguruwe ataogopa?"

"Ataogopa, mjomba. Ni pua tu, na nguruwe yeye ni pua zaidi ya dubu."

"Na nguruwe asipokuja shambani, simba hana la kufuata." Akasokota kidogo. "Sasa niambie ekari mbili zinakula waya kiasi gani."

Tukachora shamba chini kwa kijiti. Tukahesabu mizunguko miwili ya waya, kwa sababu mmoja nguruwe atapita chini yake, vigingi vya mianzi badala ya plastiki, betri ya pikipiki, na paneli ndogo ya sola kama zile zilizokuwa zimeanza kuuzwa Ikwiriri. Hesabu ilifika mahali akaguna, lakini hakuacha. Nikamweleza ugumu wake: majani yakiota mpaka yaguse waya, umeme unaishia ardhini, kwa hiyo chini ya waya lazima pafyekwe kila baada ya siku chache, na masika ndiyo balaa.

"Nani atafyeka?" akauliza, na akaanza kuwataja vijana wa ukoo mmoja mmoja kwa majina, na mji ambao kila mmoja alikuwa amehamia.